Gene Tierney: nyota wa Hollywood aliyeugua akili, na kwa nini naamini alirudi kweli mwaka 1979

Mleta uzi:

Wakuu, salaam.

Kila msanii anapopotea kwa maradhi ya akili kisha akaonekana tena hadharani, mitandao yetu hujaa picha mbili zilizobandikwa pamoja, ya zamani na ya leo, na chini yake watu huanza kuhukumu: huyu amerudi, huyu hajarudi, huyu apelekwe Mirembe. Mijadala hiyo nimeisoma kiasi cha kutosha, na leo naomba nilete kisa cha mwigizaji ambaye hayupo tena duniani na ambaye mambo yake tunayajua kwa sababu aliyaandika mwenyewe, ili tujadiliane bila kumwumiza mtu aliye hai. Ni Gene Tierney wa Marekani. Hoja yangu naitanguliza ili anayetaka kuipinga ajiandae mapema. Siku studio ilipomrudisha kazini, mwanamke huyu alikuwa bado mgonjwa; filamu aliyorudi nayo kweli ilikuja miaka minne baadaye, katika nafasi ndogo; na hata hiyo mimi naihesabu kuwa hatua ya njiani, kwa maana kurudi kwake mbele ya watu kulitimia mwaka 1979, alipokuwa ameshaachana na sinema kwa muda mrefu.

Kwa vijana wasiomfahamu: alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 19 Novemba 1920, katika familia iliyojiweza. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya bima, na binti alisomeshwa hadi Uswisi. Aliingia katika filamu mwaka 1940 chini ya studio ya 20th Century Fox, na mwaka 1944 akacheza Laura, filamu ya mwongozaji Otto Preminger ambayo hadi leo ndiyo inayomtambulisha. Mwaka uliofuata alikuwa mke mwenye wivu wa kuua katika Leave Her to Heaven, na nafasi hiyo ikampatia uteuzi wa tuzo ya Oscar akiwa na umri wa miaka 25. Mkuu wa studio, Darryl F. Zanuck, alimtaja kuwa mwanamke mzuri kuliko wote waliowahi kuonekana katika sinema. Sifa hiyo naitaja kwa sababu maalumu. Mtu anayelipwa kwa uso wake hupata shida ya ziada anapougua ugonjwa usioonekana usoni, maana kila anayemtazama humwona mzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wanaosimulia habari zake huanza nalo, nami sina budi kulieleza kwa kirefu kidogo. Mwaka 1943, akiwa mjamzito, alikwenda kukutana na askari katika Hollywood Canteen, klabu iliyofunguliwa wakati wa vita kwa ajili ya wanajeshi. Akaambukizwa rubela. Binti yake, Daria, alizaliwa Oktoba mwaka huo mjini Washington, mtoto njiti wa chini ya kilo moja na nusu, aliyelazimika kubadilishiwa damu yote. Baadaye ikabainika kwamba hasikii, ana mtoto wa jicho, na akili yake haitakua kama ya watoto wengine. Daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alikuwa ameshaeleza mwaka 1941 jinsi rubela ya mama mjamzito inavyomdhuru mtoto tumboni, lakini chanjo ilikuwa bado miaka zaidi ya ishirini mbele. (Sisi Tanzania tulianza kuwachanja watoto wetu chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014, kwa hiyo tusiyaone haya kuwa ni mambo ya Wazungu wa kale.)

Baada ya muda, katika hafla moja, shabiki aliyekuwa amehudumu katika jeshi la wanamaji alimfuata Tierney akamwambia kwa furaha kwamba waliwahi kuonana pale Canteen. Alieleza kuwa kambi yao ilikuwa imewekwa karantini kwa sababu ya rubela, naye akatoroka akiwa mgonjwa ili akamwone mwigizaji anayempenda kuliko wote. Tierney anasimulia kwamba hakumjibu neno. Aligeuka akaondoka haraka, na tangu siku hiyo hakujali tena kama yeye ni kipenzi cha mtu yeyote. Mimi si daktari, na sitasema kwamba hilo ndilo lililomwuguza, kwa sababu ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, ule ambao siku hizi unaitwa bipola, haungoji msiba ili uje. Lakini mwenye kuhukumu sura ya mtu katika picha ya pili ajue kwamba kati ya picha mbili kuna mambo ya namna hii.

Miaka ya mwanzo ya 1950 mambo yalianza kuharibika kazini. Ndoa yake na mbunifu wa mavazi Oleg Cassini ilivunjika mwaka 1952. Uhusiano wake na Aly Khan, baba wa yule Aga Khan wa nne aliyesimikwa Dar es Salaam mwaka 1957, haukufika kwenye ndoa, kwa kuwa mzee Aga Khan wa tatu aliupinga. Akawa anashindwa kutuliza mawazo. Alijitoa katika Mogambo, filamu ya mwongozaji John Ford iliyorekodiwa Kenya, Tanganyika na Uganda na kutoka mwaka 1953. Nafasi yake akapewa Grace Kelly, ambaye kwa nafasi hiyo hiyo aliteuliwa kuwania Oscar kwa mara ya kwanza. Angalieni utaratibu huo, kwa sababu utajirudia: mgonjwa anatolewa, mwingine anaingia, filamu inaendelea. Mwaka uo huo wa 1953 Vivien Leigh aliugua akili akirekodi Elephant Walk kule Ceylon, studio ikamwingiza Elizabeth Taylor, na inasemekana mtazamaji mwenye jicho kali bado anaweza kumwona Leigh katika picha zilizopigwa kwa mbali, maana hawakutaka gharama ya kuzirudia.

Kisa cha Humphrey Bogart nitakisimulia kwa sababu ndicho kinachonigusa kuliko vyote. Walicheza pamoja katika The Left Hand of God, iliyotoka mwaka 1955. Tierney alikuwa hakumbuki maneno yake. Bogart alimtambua mapema, kwa kuwa alikuwa na dada yake aliyeugua akili na alizijua dalili nyumbani kwao. Alimsaidia kwa subira, akimnong'oneza maneno anapokwama, na akawafuata wakubwa wa studio kuwaeleza kwamba huyu mama anahitaji matibabu. Wao wakamjibu kwamba Tierney ni mtu wa kazi na atavumilia hadi mwisho. Filamu ikamalizika. Ukiitazama leo bila kuambiwa huoni kitu. Anacheza muuguzi katika misheni ya China, ametulia, anapendeza. Utulivu ule ulikuwa umeshikiliwa na mwanamume aliyesimama mbele yake akimkumbusha sentensi inayofuata.

Baada ya hapo kulikuwa na hospitali: kwanza Harkness Pavilion ya New York, kisha Institute of Living huko Hartford, Connecticut. Alipewa matibabu ya mshtuko wa umeme yapata mara 27. Alijaribu kutoroka, akakamatwa na kurudishwa. Mwishoni mwa mwaka 1957, akiwa nyumbani kwa mama yake Manhattan, alikaribia kujiua, polisi wakaitwa, akaokoka. Ndipo familia ilipompeleka Menninger Clinic iliyokuwa Topeka, Kansas, mbali na New York na mbali zaidi na Hollywood.

Mwaka 1958 aliruhusiwa kutoka, na hapa ndipo lilipofanyika kosa ambalo nasi tunalirudia kwa wasanii wetu. Fox walimpa mara moja nafasi kubwa katika Holiday for Lovers, akiwa na Clifton Webb, ambaye walicheza pamoja Laura. Kila kitu kilikuwa kimepangwa ili aonekane kama aliyetoka likizo: studio ile ile, mwenzake yule yule, ukubwa ule ule wa jina. Alidumu siku chache tu. Uzito wa kazi ukamshinda, akajitoa, akarudi Menninger, na Jane Wyman akachukua nafasi yake. Kwa maoni yangu hakushindwa yeye. Walichokuwa wakikitaka ni nyota wa mwaka 1944, na mtu aliyekuwepo mbele yao alikuwa mwanamke wa miaka 37 aliyetoka wodini.

Katika miaka hiyo ya Topeka alifanya kazi ya kuuza nguo katika duka la mtaani. Naomba mkae kidogo na jambo hili. Mwanamke aliyewahi kuvalishwa na wabunifu wakubwa wa Hollywood anasimama nyuma ya kaunta, anauliza wateja saizi zao, anakunja magauni yaliyojaribiwa na kuachwa, anapokea ujira wa muuzaji. Kwa upande wa matibabu ilikuwa hatua ya busara: saa za kufika kazini zinajulikana, watu wa kuzungumza nao wapo, na hakuna kamera. Mteja mmoja akamtambua, habari ikafika magazetini, na magazeti yakaiandika kama anguko. Hollywood ilikuwa imemwona akishindwa kukumbuka maneno yake na haikusema; dukani alikuwa ameyakumbuka yote, na huko ndiko walikosema ameanguka.

Mwaka 1960 aliolewa na W. Howard Lee, tajiri wa mafuta wa Texas, wakahamia Houston. Mwaka huo alipewa nafasi katika Return to Peyton Place, akaiacha kwa sababu ya ujauzito, na ujauzito huo ukaharibika. Kisha Otto Preminger, ambaye baada ya Laura alikuwa amemwongoza katika filamu nyingine mbili, akamwita tena. Filamu iliitwa Advise & Consent, ikatoka mwaka 1962, miaka saba baada ya ile ya Bogart. Humo amo Henry Fonda, Charles Laughton na Walter Pidgeon. Tierney anacheza Dolly Harrison, mjane wa Washington ambaye wanasiasa hukutana kwenye karamu zake. Hana matukio mengi, na bila shaka hilo lilimsaidia, kwa sababu mwenye nafasi ndogo hukaa chini ya taa saa chache na usiku hulala. Preminger alikuwa na sifa ya kuwafokea waigizaji hadi walie, lakini kwa huyu alifanya jambo ambalo waungwana wengi wa Hollywood hawakulifanya.

Sehemu ya kitabu cha maisha yake, alichokitoa mwaka huo wa 1979 ninaousema, nitaiweka baada ya kusikia maoni yenu.

Mchangiaji wa Tanga:

Mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakushukuru, lakini hoja yako ya kichwa cha uzi naiona ina kasoro. Mwigizaji kazi yake ni kuigiza. Akiugua akaacha kuigiza, kisha akapona akaigiza tena mbele ya macho ya dunia nzima, huko ndiko kurudi. Ukisema kwamba alirudi mwaka 1979 kwa sababu aliandika kitabu, unakuwa umemhamishia kazi nyingine ambayo hakuiomba. Tena unaidogosha ile filamu ya mwaka 1962, ilhali kwa mtu aliyepitia umeme mara 27, kusimama mbele ya kamera na kutamka sentensi moja iliyonyooka ni ushindi mkubwa.

Mleta uzi:

Kaka wa Tanga, hoja yako ni nzito na sehemu yake ya pili naikubali kabisa. Kumbukumbu ni chombo cha kazi cha mwigizaji, naye mwenyewe alilalamika kwamba matibabu yale yalimfutia vipande vikubwa vya maisha yake. Kwa hiyo kukariri maneno ya Dolly Harrison na kuyasema mbele ya Preminger ni jambo la kuvuliwa kofia.

Lakini tazama ni nani aliyejua nini mwaka 1962. Mtazamaji aliyelipa kiingilio alimwona mwanamke mzuri aliyekuwa amepotea kwa miaka saba na sasa ameonekana. Magazeti yalikuwa yameshaandika vya kwao: hospitali, duka la nguo, uvumi. Yeye hakuwa amesema. Alirudi kwa masharti ya siku zote za biashara ile, kwamba onekana vizuri na tutajifanya hatukusikia. Baada ya hapo alicheza filamu chache, Toys in the Attic mwaka 1963 na The Pleasure Seekers mwaka 1964, kisha akaacha sinema akaishi Houston. Kama kurudi ni kuonekana, basi alirudi kwa muda mfupi na akaondoka tena.

Mwaka 1979 akatoa kitabu cha maisha yake, Self-Portrait, alichokiandika na mwanahabari Mickey Herskowitz. Humo anazungumza juu ya Daria, juu ya hospitali alizolazwa, juu ya kutoroka na kukamatwa, na juu ya jinsi mtu anavyoweza kukaa chumbani na ndugu zake bila kuwa na uwezo wa kufikia maneno wanayomwambia. Ili uone ukubwa wa jambo hilo, kumbuka kwamba mwaka 1972 Seneta Thomas Eagleton wa Missouri alichaguliwa kuwa mgombea mwenza wa urais wa chama cha Demokrati, ikagundulika kwamba aliwahi kutibiwa sonona kwa mshtuko wa umeme, na baada ya siku 18 tu akalazimika kujiondoa. Huyo alikuwa mwanamume, msomi na mbunge wa Seneti. Miaka saba baadaye Tierney akataja kwa jina lake mwenyewe matibabu yale yale, bila kulazimishwa na mwandishi yeyote wa magazeti aliyemfumania. Tena ajabu yake ni kwamba filamu aliyorudi nayo mwaka 1962 inahusu Seneti hiyo hiyo, na kisa chake kizima kinazunguka siri za zamani zinazotumiwa kumwangamiza mtu. Mwaka 1979 alikuwa ameshaitoa siri yake mikononi mwa watu wa namna hiyo.

Muuguzi wa wodi ya akili, Dar es Salaam:

Naomba kuchangia kwa uangalifu, kwa sababu kuna wasomaji ambao ndugu zao wako kwenye matibabu hivi sasa. Matibabu ya mshtuko wa umeme yalianzishwa na madaktari wa Italia, Cerletti na Bini, mjini Roma mwaka 1938, na katika miaka yake ya mwanzo mgonjwa aliyapata akiwa macho, bila dawa ya kulegeza misuli, jambo lililoleta hofu na hata kuvunjika mifupa. Siku hizi mgonjwa anapigwa kwanza nusu kaputi, analegezwa misuli, na anafuatiliwa na mtaalamu wa usingizi. Yanatumika hasa kwa sonona kali ambayo dawa zimeshindwa, na wapo watu wanaoyashukuru kwa kuwaokoa. Upotevu wa kumbukumbu upo, kwa wengi ni wa muda, lakini wapo wanaosema hawakurudishiwa vyote, na wanastahili kusikilizwa. Mleta uzi asije akaeleweka kwamba anawaambia watu wakimbie hospitali.

Jambo la pili ni hilo la dukani. Ndugu wengi humpokea mgonjwa aliyeruhusiwa na kumficha chumbani, au humtaka arudi palepale alipoachia, kwenye cheo kile kile na ofisi ile ile. Kazi ndogo yenye saa za kueleweka humfaa zaidi kuliko vyote viwili. Nilipofika kwenye aya ya kaunta na magauni, nilitamani waajiri waisome.

Mleta uzi:

Dada muuguzi, nakushukuru sana, na nimekusudia ujumbe wako usomwe pamoja na wangu. Nitaongeza jambo moja tu kwa kumtendea haki Tierney: yeye aliendelea kuyapinga matibabu hayo maisha yake yote, na hata kama leo yanatolewa kwa njia iliyo salama zaidi, ushahidi wake unahusu yale aliyofanyiwa yeye katika miaka ya 1950, wakati ambapo dawa za kutuliza akili ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia Marekani, na lithiamu, dawa ya kudhibiti bipola ambayo daktari John Cade aliieleza Australia mwaka 1949, ilikuwa haijakubaliwa huko hadi mwaka 1970. Madaktari wake walikuwa na vifaa vichache. Kulielewa hilo hakutulazimishi kumwambia mgonjwa kwamba maumivu yake hayakuwa maumivu.

Mchangiaji wa Mombasa:

Mwalimu, sisi tuliokulia kwenye sinema za Kihindi tunamkumbuka Parveen Babi wa Deewaar na Amar Akbar Anthony. Naye alipotea, naye akarudi, na kurudi kwake kuliishia kubaya. Huyo unamweka wapi katika hoja yako?

Mleta uzi:

Mkuu wa Mombasa, umenigusa, kwa kuwa nilisita kumwingiza tangu mwanzo. Parveen Babi alikuwa na jina kubwa kiasi kwamba mwaka 1976 jarida la Time lilimweka kwenye jalada. Mwaka 1983 aliondoka India ghafla akiwa na filamu nyingi mkononi, akarudi Bombay mwaka 1989. Watu waliokuwa karibu naye walisema ni skizofrenia; mwenyewe alikanusha. Magazeti ya filamu yaliandika zaidi juu ya unene wake na juu ya tuhuma alizokuwa akizitoa dhidi ya watu mashuhuri kuliko juu ya lolote jingine, na hakuna mwongozaji aliyemfungulia mlango. Januari 2005 alikutwa amefariki katika fleti yake Mumbai, alipokuwa akiishi peke yake.

Tofauti ninayoiona si ya ujasiri wala ya imani. Tierney alikuwa na familia iliyogharimia Menninger, mume mwenye fedha, mwongozaji mmoja asiyeogopa, na ugonjwa ambao ulimpa vipindi virefu vya utulivu ambamo aliweza kukaa chini na kuyaeleza yaliyompata. Parveen Babi hakuupata utulivu huo, na aliposimulia, alisimulia akiwa ndani ya ugonjwa, wasikilizaji wakacheka au wakaogopa. Kwa hiyo hoja yangu ya kitabu ina mpaka, na nakubali mpaka wake: kuna wagonjwa ambao hawatafika mwaka wao wa 1979, na hao hawakushindwa mtihani wowote.

Mchangiaji wa Tanga:

Nimekuelewa zaidi sasa, ingawa bado naipa filamu uzito kuliko wewe. Swali langu la mwisho: baada ya kitabu, je, alipona kabisa? Na nikitaka kumtazama nianze na filamu ipi?

Mleta uzi:

Kaka, neno kupona kabisa sidhani kama yeye angelitumia. Ugonjwa ule hudhibitiwa, na aliishi nao. Mwaka 1980 alionekana kwa mara ya mwisho katika tamthilia ya televisheni iitwayo Scruples, mwaka 1981 mumewe akafariki, naye akabaki Houston hadi alipofariki tarehe 6 Novemba 1991, siku 13 kabla ya kutimiza miaka 71. Kilichomwua ni ugonjwa wa mapafu uliotokana na sigara, na sigara zenyewe alizianza mwanzoni mwa kazi yake baada ya kuisikia sauti yake kwenye filamu na kuona ni nyembamba mno. Alivuta ili ipate uzito. Biashara ile ilimdai afya yake tangu siku za kwanza, kabla hata ya akili kuguswa.

Kuhusu filamu, anza na Laura, uone ni kwa nini walimng'ang'ania. Kisha tafuta The Left Hand of God na umtazame Bogart kila anapokuwa karibu naye. Mwisho weka Advise & Consent, ambayo ina urefu wa saa mbili na dakika kumi na tisa; usiiharakishe mbele kumtafuta Tierney, kwa sababu matukio yake ni mafupi na yamewekwa katikati ya mabishano ya wanasiasa, na ukiruka utampita. Mtazame katika ile karamu ya nyumbani kwake, kisha uje hapa utuambie umeona nini.